Upasuaji wa Hidatidi ya Mapafu

Hidatidi ya mapafu husababishwa na Echinococcus granulosus, tegu wa milimita chache tu anayekomalia katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakachafua manyoya, majani na maji. Binadamu akiyameza, viluwiluwi hupenya utumbo na kusombwa na damu. Wengi hunasa kwenye ini. Wanaopita hutua mapafuni, na kila mmoja hujijengea kifuko cha maji maangavu kinachoweza kukua miaka mingi kimyakimya.

Hatari kubwa ni kupasuka. Mgonjwa hukohoa ghafla maji yenye chumvi na vipande vya utando mweupe, na mzio mkali unaweza kumuua. Hata dawa huhitaji tahadhari: albendazoli inaweza kudhoofisha ukuta wa kifuko kikubwa cha pafu, kwa hiyo madaktari wengi huianza baada ya upasuaji.

Mwishoni mwa karne ya 19, Alejandro Posadas, daktari wa Buenos Aires, alirekodiwa akipasua hidatidi ya pafu. Filamu hiyo ni miongoni mwa za kwanza duniani kuonyesha upasuaji. Posadas alifariki mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 31.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kifua hufunguliwa kati ya mbavu, na kifuko huzungushiwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, ili tone likivuja lisipande vifuko vipya. Wapo wanaofyonza maji kwanza kwa sindano. Njia ya Norman Barrett wa London ni ya kupendeza zaidi: daktari hukata kwa uangalifu tishu inayokifunika kifuko, kisha mtoa usingizi hujaza pafu hewa, nalo hukisukuma nje kikiwa kizima. Vitundu vya vijia vya hewa vilivyobaki lazima vishonwe, la sivyo hewa itaendelea kuvuja. Kuondoa sehemu nzima ya pafu ni hatua ya mwisho, pafu likiwa limeharibika kabisa.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilijulikana kwa kiwango kikubwa mno cha hidatidi, hasa ya ini na tumbo. Mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuidhibiti, ukiunganisha matibabu na udhibiti wa mbwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Wafugaji na wachinjaji wasiwatupie mbwa mapafu na maini ya mifugo yenye vifuko. Wayachome au wayafukie kwa kina, na mbwa wapewe dawa ya prazikwanteli mara kwa mara.