Mstari wa Shehena

Katikati ya ubavu wa meli ya mizigo, kulia na kushoto, pamechorwa duara lililokatwa na mstari mlalo. Ukingo wa juu wa mstari huo ndio kikomo cha meli kuzama katika bahari ya kiangazi. Wengi huuita alama ya Plimsoll. Mimi husema mstari wa shehena, kwani pwani chombo kilichojaa husemwa kimesheheni.

Hata hivyo, sheria haijali shehena peke yake. Mafuta, maji ya kunywa na farumi navyo huizamisha meli. Kinachopimwa hasa ni ubavu mkavu, yaani kimo kutoka usawa wa maji hadi sitaha. Hiyo ndiyo akiba ya kuelea: wimbi likiipanda meli, ubavu huo ndio unaoiinua tena.

Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby, alipotoa kitabu chake mwaka 1873, wapo wenye meli wa Uingereza waliokuwa wakijaza vyombo vibovu vilivyokatiwa bima nono. Kikizama, tajiri analipwa. Baharia ndiye anayekufa. Julai 1875 serikali ya Disraeli ilipouweka kando muswada wa meli, Plimsoll aliwaka bungeni, akawaita wenzake waovu. Sheria ilipita 1876, lakini ilikuwa na tundu la ajabu: mstari ulikuwa lazima, mahali pa kuuchora akapachagua mwenye meli! Inasimuliwa kuwa nahodha mmoja wa Cardiff aliuchora kwenye dohani. Tundu hilo lilizibwa mwaka 1890, kanuni za serikali zilipoanza kupanga mahali pake.

Leo kando ya duara kuna ngazi ya mistari mifupi yenye herufi: T ya tropiki, S ya kiangazi, W ya majira ya baridi, F ya maji matamu, ambayo ni mepesi kuliko ya chumvi na hivyo huizamisha meli zaidi. Mombasa na Dar es Salaam zimo katika ukanda wa tropiki, kwa hiyo meli huruhusiwa kuzama hadi T. Lakini ikielekea Ulaya ya kaskazini mwezi Januari, afisa wa shehena hana budi kukadiria mafuta yatakayochomwa njiani, ili ikiingia ukanda wa baridi iwe imeinuka hadi W.

Mkataba unaotawala haya ni wa 1966, nao huhusu safari za kimataifa. Meli mpya zenye urefu wa chini ya mita 24 hauzigusi, wala meli za kivita na za uvuvi. Majahazi mengi yanayobeba mbao na saruji kati ya visiwa vyetu yamebaki mikononi mwa sheria za nchi na wakaguzi wa bandarini.