Ulinzi wa Kijiji na Mkono wa Serikali katika Ufipa

Usalama wa watu hushikwa kwa mikono miwili. Mmoja ni wa wenyeji, ambao wajua nani amelala na nani atembea usiku. Wa pili ni wa Serikali, yenye sheria, askari na gereza. Mikono hiyo ikishikana, mwizi hukosa pa kupita. Ikiachana, hupita katikati yake mwizi, na mara nyingine hupita jambo baya kuliko wizi, yaani hukumu isiyo na ushahidi. Historia ya Ufipa yafaa kutazamwa kwa jicho hilo, maana katika nchi ile jambo lililowatenga wenyeji na wenye mamlaka kwa muda mrefu halikuwa wizi wala ugomvi, bali ni hofu ya uchawi. Hata jina la Sumbawanga, mji mkuu wa Mkoa wa Rukwa, huelezwa na wenyeji kuwa maana yake ni kutupa uchawi: yaani mgeni aingiapo na aache nje alichokuja nacho.

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na Sumbawanga yenyewe iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,800 hivi. Wafipa tangu zamani hawakuwa watu wa kutawanyika, kila mtu na boma lake shambani. Walikaa katika vijiji vilivyosongamana, nyumba karibu na nyumba, na mashamba yakawa nje. Kwa hiyo ujirani kwao ulikuwa ndiyo serikali ya kwanza. Mkuu wa kijiji alichaguliwa na watu wazima wa pale, wanaume kwa wanawake, na asiyefaa aliweza kuondolewa. Juu yake walikuwako watawala wa nasaba ya Watwa katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Na kando ya hao alikuwako mwenye kiti cha Milanzi, ambaye masimulizi husema wahenga wake ndio waliotawala kabla wanawake wageni watatu hawajafika na kukalia kiti siku ambayo mwenyewe hayupo. Aliporudi hapakupigwa vita. Watwa walichukua utawala, na Milanzi akabakiwa na heshima ya matambiko. Kisa hicho, kiwe ni historia au mfano, chaonyesha kwamba Wafipa walilizoea wazo la mamlaka mbili zinazokaa katika nchi moja bila ya moja kuimeza nyingine. Mwingereza Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1880, aliandika kwa sifa juu ya utulivu wa watu na ukulima wao.

Katika kijiji cha namna hiyo mambo ya ulinzi yalikuwa mepesi kwa upande mmoja na mazito kwa upande mwingine. Yalikuwa mepesi kwa sababu mgeni alionekana mara, na ugomvi wa mke na mume au wa mpaka wa shamba ulisikiwa siku ile ile mbele ya wazee. Yalikuwa mazito kwa sababu watu wanaokaa karibu hawana pa kukimbilia wanapotiliana shaka. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Na mtoto alipokufa ghafula, au nafaka ilipoharibika kwa mmoja na kustawi kwa mwenziwe, jicho lilimgeukia jirani. Shauri la uchawi lilipelekwa kwa mganga au kwenye kiapo cha mwavi, na aliyeshindwa aliweza kufukuzwa au kuuawa.

Wadachi walipokuja walijenga boma lao Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ikawa chini ya Waingereza. Hao hawakueneza askari polisi vijijini. Jeshi la Polisi la Tanganyika, lililoundwa mwaka 1919, lilikuwa zaidi la miji na maboma; mashambani kazi ya kukamata watu na kuwapeleka barazani ilikuwa ya watemi, majumbe na matarishi wao, na tangu mwaka 1926 sheria ya utawala wa wenyeji iliwapa watawala hao madaraka yao rasmi. Kwa mtu wa kijijini, basi, mkono wa Serikali ulikuwa ni tarishi aliyemjua kwa jina, na nyuma yake Bwana Shauri aliyemwona mara chache.

Lakini katika jambo moja mtemi na jumbe walifungwa mikono. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa kwanza mwaka 1922 na kuandikwa upya mwaka 1928, ilifanya kuwa kosa mtu kujidai ana nguvu za uchawi, na kosa pia kumtaja mwenziwe kuwa ni mchawi, isipokuwa kama amepeleka habari hiyo kwa mwenye mamlaka. Viapo na ramli za kutafuta wachawi vikawa haramu. Nia ya sheria ilikuwa njema, maana imeokoa roho za watu wengi waliokuwa hawana kosa ila uzee au upweke. Hata hivyo masikio ya wanakijiji yaliisikia vingine. Walisema: ikiwa anayetaja mchawi ndiye anayefungwa, basi Serikali imemkinga mchawi. Sheria hiyo hiyo ilimpa Bwana Shauri uwezo wa kuchunguza malalamiko, na akiridhika, kumwamuru mshukiwa akae mahali maalum mbali na kwao. Lakini ilikuwa njia nyembamba, nayo ilifika bomani, si kijijini. Hofu ilibaki kule kule ilikozaliwa, bila baraza la kuisikia.

Penye pengo hupita mtu. Mwaka 1933 na 1934 walipita vijana waliotoka Nyasaland, walioitwa wamchapi, wakivuka Rhodesia ya Kaskazini mpaka Ufipa. Walivaa kizungu, walibeba vioo, waliwapanga watu msitari na kusema kwamba kioo huwafichua wachawi. Kisha walinywesha watu dawa ambayo, walidai, ingemwua yeyote atakayerudia uchawi. Miaka 30 baadaye, mwaka 1963 na 1964, mambo ya jamii hiyo yalirudi Ufipa kwa jina la Kamchape. Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya mila za watu ambaye alikuwako Ufipa wakati huo, aliyaandika mwaka 1968, na maelezo yake yamekuwa maarufu kwa wasomi wa Afrika. Kamchape hawakuwa na boma wala askari. Waliingia kijijini kwa ridhaa ya wenyeji, wakakusanya watu wote, wakachanja na kutia dawa, wakadai pembe na hirizi zitolewe nje, na wakalipwa ada. Willis aliona pia kwamba walio mbele katika jambo hilo walikuwa vijana, na walioshutumiwa zaidi walikuwa wazee.

Tarehe yake yatosha kumfanya msomaji asimame kidogo. Mwaka 1963 ndio mwaka ambao Tanganyika huru iliondoa utawala wa machifu. Jumbe aliyejulikana kwa jina hayupo tena kwa cheo chake. Mamlaka mpya haijakomaa. Sheria ya Uchawi imebaki kama ilivyoandikwa na Waingereza. Haiwezi kusemwa kwamba kuondolewa kwa machifu ndiko kulikoleta Kamchape, kwa kuwa wamchapi walikuja wakati machifu wangali na nguvu. Bali yaweza kusemwa kwamba nyakati zote mbili wenyeji walikuwa na shauri moja kubwa ambalo halikuwa na mlango katika nyumba ya Serikali, na mwenye mlango mwingine alipofika, walimfungulia. Walilipa fedha zao wenyewe ili wahukumiwe wote kwa pamoja, mkubwa na mdogo, siku moja, na kesho waamke kama watu wasio na deni. Hayo ndiyo waliyoyataka. Waliyopata yalikuwa mengine: mzee aliyetajwa mbele ya kioo hakuweza kukata rufani kwa kioo.

Serikali ya uhuru haikukaa kimya juu ya ulinzi wa vijiji. Katika miaka ya 1964 na 1965 chama cha TANU kilieneza mpango wa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Balozi alijua wageni waliolala, alisuluhisha ugomvi mdogo, na alipeleka habari juu. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya mgambo. Mwaka 1974 Rukwa ikawa mkoa, katika miaka ile ile vijiji vya Tanzania vilipokuwa vikikusanywa na kupangwa upya; na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliipa kila Halmashauri ya Kijiji kamati zake, mojawapo ikiwa ya ulinzi na usalama. Kwa Mfipa, aliyezoea kijiji kilichosongamana na mkuu aliyechaguliwa, mengi katika hayo yalikuwa mapya kwa jina kuliko kwa maana.

Jambo jipya hasa lilitoka kaskazini. Mwaka 1982, Wasukuma na Wanyamwezi wa pande za Kahama na Nzega, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe, walianzisha majeshi yao ya kijiji, sungusungu, yenye pinde na filimbi. Wafugaji wa Kisukuma walipohamia na mifugo yao bonde la Rukwa, walikuja pia na desturi hiyo. Serikali kwanza ilisitasita, kisha ikaitambua, na mwaka 1989 mabadiliko ya sheria ya mgambo yaliipa sungusungu nafasi yake katika sheria za nchi. Hapo mikono miwili ilishikana kwa dhahiri: wananchi hukamata, polisi hupokea, mahakama huhukumu. Mpango huo wategemea sana kituo cha kati. Pale mtuhumiwa alipofikishwa polisi na jalada likafunguliwa, sungusungu walikuwa walinzi. Pale shauri lilipoishia kwenye mkusanyiko wa usiku, walikuwa ndugu zao Kamchape, ingawa hawakushika kioo. Na si siri kwamba sungusungu wa awali huko kwao waliwatazama pia wanawake walioshukiwa uchawi kama adui wa kijiji, sawasawa na mwizi wa ng'ombe.

Tangu mwaka 2006, alipokuwa Said Mwema Mkuu wa Jeshi la Polisi, neno lililotawala limekuwa polisi jamii. Askari huambiwa wakae na watu, wahudhurie mikutano, wajulikane. Na wenyeji huunda vikundi vya ulinzi shirikishi. Katika Manispaa ya Sumbawanga, kama katika miji mingine, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji ndio wenye kuwaita watu, na polisi kata ndiye mwenye kuwasikiliza. Katika mkutano wa namna hiyo mambo ya wizi, ulevi, mifugo mashambani na vijana wasio na kazi husemwa wazi, kwa kuwa kila moja lina ushahidi wake: mlango uliovunjwa, shamba lililoliwa, mtu aliyeonekana. Ugumu huja palepale ulipokuwapo mwaka 1928, yaani mtu asimamapo na hofu isiyokuwa na ushahidi.

Mfano mkubwa ulitokea mwaka 2009. Watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao, na Serikali, baada ya kufuta leseni za waganga wa jadi mwezi Januari, iliwaita wananchi mwezi Machi, kuanzia mikoa ya Kanda ya Ziwa, wapige kura za siri za kuwataja wanaowashuku. Nia ilikuwa kuwapa watu mlango bila kuwatia hatarini, na kwa sababu mauaji yalikuwa ya kweli hakuna aliyeweza kudharau nia hiyo. Hata hivyo karatasi yenye jina bila ushahidi yafanana na kioo katika jambo moja: aliyetajwa hamjui aliyemtaja. Tofauti imo katika hatua inayofuata. Kioo kilikuwa mwisho wa shauri. Karatasi ilipaswa kuwa mwanzo wake, mpelelezi akiichukua kama dokezo na kuitafutia ushahidi au kuitupa. Lisemwalo lipo, husema methali, na kama halipo laja. Kazi ya polisi katika ushirikiano wowote ni kuichunguza methali hiyo kabla haijaleta msiba.

Hata katika karne hii ya 21, waganga wa aina ya Kamchape, waitwao pia rambaramba, wameonekana tena katika mikoa ya magharibi kama Kigoma na Katavi, na viongozi wamewapiga marufuku. Marufuku ni haki, lakini historia ya Ufipa yashuhudia kwamba marufuku peke yake ilikuwapo mwaka 1933 na mwaka 1963, na haikuzuia kitu. Mtu aliyefiwa na watoto wawili hajibiwi kwa kuambiwa kwamba uchawi haumo katika ushahidi wa mahakama. Ajibiwe na mganga mkuu wa zahanati aliyeitwa mkutanoni kueleza ugonjwa. Na balozi aliyewapatanisha majirani kabla maneno hayajawa makali. Na askari ambaye amekwisha kufika kwa bibi mzee wa nyumba ya mwisho, akamjua, akaonekana na watu kuwa amjua. Bibi huyo ndiye kipimo cha kazi yote. Kijiji ambacho ng'ombe wote wamo zizini na yeye haogopi kulala peke yake, kina ulinzi. Kijiji ambacho ng'ombe wamo zizini na yeye ameshahama usiku, kina zizi tu.