Deni la Kaab na Deni Lililofutwa Vitabuni

Kaab bin Malik (r.a.) alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti wa Madina, sauti zikapanda hata Mtume (s.a.w.) akazisikia nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Kaab asamehe nusu. Kaab akaridhia, papo hapo mdaiwa akaamrishwa ainuke alipe. Wameipokea Bukhari na Muslim.

Nusu ile ilianguka kwa ulimi wa mwenye haki. Benki ya Marekani ikifuta deni la kadi vitabuni, kwa kawaida baada ya siku 180, haijasamehe kitu: mara nyingi huliuza kwa wakusanya madeni kwa bei duni. Hiyo si ibraa. Mauzo ya namna hiyo Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah iliyakataza mwaka 1998, yasije yakaleta riba. Lakini ubaya wa mauzo hauondoi rasilimali iliyokopwa shingoni mwa mdaiwa.