Kadi Iliyoipa Kompyuta Koo

Aliyetumia kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla Windows haijaanza kufanya kila kitu yenyewe, huenda bado anaukumbuka mstari huu: SET BLASTER=A220 I5 D1. Uliandikwa ndani ya faili la AUTOEXEC.BAT, na ukikosea tarakimu moja mchezo ulifunguka bubu. A220 ilikuwa anwani ya kadi ya sauti ndani ya mashine, I5 njia ya kuigutusha prosesa, D1 njia ya kuchotea sauti kutoka kwenye kumbukumbu. Linalostahili kutazamwa zaidi ni neno la katikati. BLASTER si neno la ufundi. Limetokana na jina la bidhaa ya kampuni moja ya Singapore, na washindani wake walilazimika kulikubali ili kadi zao nazo zisikike.

Kampuni hiyo ni Creative Technology. Mwanzilishi wake, Sim Wong Hoo, alizaliwa mwaka 1955 na kukulia Bukit Panjang, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa bado kijiji. Alikuwa mpenzi mkubwa wa harmonika, na muziki haukumtoka hata alipokwenda kusomea elektroniki katika chuo cha ufundi cha Ngee Ann. Tarehe 1 Julai 1981, yeye na Ng Kai Wa waliyesoma pamoja walifungua duka dogo la kutengeneza kompyuta katika jengo la Pearl's Centre, mtaa wa Wachina. Mchana waliwatengenezea watu mashine. Polepole wakaanza kuunda vifaa vyao wenyewe, kwanza bodi za kuongeza kumbukumbu za Apple II.

Mwaka huohuo wa 1981, IBM ilitoa PC yake ya kwanza. Ilikuwa mashine ya ofisini, na sauti yake ilitoka kwenye spika ndogo iliyokusudiwa kupiga mlio wa kumwonya mtumiaji. Kwa karani aliyekosea hesabu, mlio ulitosha. Kwa kijana wa harmonika, hiyo ilikuwa mashine isiyo na koo. Mwaka 1986 Creative wakaleta jibu lao, kompyuta nzima waliyoiita Cubic CT, yenye rangi, yenye uwezo wa kuandika Kichina, kuzungumza na kupiga muziki. Haikuuzika. Kompyuta isiyo na programu za kutosha ni samani tu, na kampuni changa ya Singapore haikuwa na nguvu ya kuwashawishi waandishi wa programu wa dunia nzima waifuate.

Naamini funzo la Cubic ndilo lililoijenga Creative kuliko ushindi wowote wa baadaye. Waliacha kushindana na PC, wakaamua kuingia ndani yake. Mwaka 1987 walitoa kadi ya kuchomeka iliyoitwa Creative Music System, yenye sauti 12 zilizotolewa na chipu mbili za Philips. Sim akahamia California mwaka 1988 kutafuta soko, na kadi ikapewa jina jipya, Game Blaster, ikauzwa katika maduka ya Radio Shack. Ilikuwa hatua, lakini ilikuta kiti kimeshakaliwa.

Aliyekikalia alikuwa Martin Prével, profesa wa muziki wa Chuo Kikuu cha Laval huko Quebec, Kanada. Kampuni yake, Ad Lib, ilikuwa imetoa kadi mwaka 1987 kwa kutumia chipu ya Yamaha, YM3812. Katika chipu hiyo wimbi moja la sauti hulitikisa jingine, na kutokana na mtikisiko huo hupatikana sauti inayofanana na kinanda, tarumbeta au besi. Si tarumbeta yenyewe, lakini sikio liliielewa. Mwaka 1988 kampuni ya michezo ya Sierra On-Line ilipoanza kuandikia michezo yake muziki halisi, King's Quest IV ukiwa miongoni mwa ya mwanzo, Ad Lib ikawa lugha ambayo michezo mingine nayo ilijifunza kuizungumza. Game Blaster ilizungumza lugha yake peke yake.

Novemba 1989 Creative wakatoa Sound Blaster, na hapo ndipo akili ya Sim inapoonekana wazi. Kadi ilibeba chipu ileile ya Yamaha, ambayo Yamaha ilimuuzia yeyote aliyelipa. Kwa hiyo kila mchezo ulioandikwa kwa ajili ya Ad Lib ulilia kwenye Sound Blaster bila kubadilishwa hata kidogo. Mnunuzi hakupoteza kitu. Juu ya hapo aliongezewa mambo mawili. La kwanza ni tundu la usukani wa michezo. PC nyingi hazikuwa nalo, na kadi ya kuliongeza iliuzwa peke yake, ikila nafasi nyingine ya kuchomeka. Aliyekuwa akihesabu fedha zake aliuona unafuu huo mara moja.

La pili ndilo lililobadilisha historia. Sound Blaster iliweza kurekodi sauti ya kweli na kuirudisha. Chipu ndogo ya udhibiti, ya aina ya 8051 iliyobuniwa na Intel, ilipokea vipimo vya sauti kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hadi 23,000 kwa sekunde, huku prosesa ikiendelea na kazi nyingine. Kwa sikio la leo sauti hiyo ni chafu: biti 8 tu, spika moja, mkwaruzo kila mahali. Lakini ilikuwa sauti ya mtu. Ad Lib ilijua kuimba na haikujua kusema, na mtu akisikia jina lake likiitwa hugeuka haraka kuliko akisikia filimbi.

Waandishi wa michezo walilielewa hilo upesi. Wing Commander II wa mwaka 1991 ulitengenezewa kifurushi cha ziada cha maneno, ili marubani wa adui wasikike wakitukana na kutisha. Mwaka 1992, katika Wolfenstein 3D, walinzi walipiga kelele kwa Kijerumani kabla ya kufyatua risasi, na mchezaji aliye na kadi alijua adui yuko nyuma ya mlango kabla hajamwona. Creative wenyewe walisambaza pamoja na kadi zao programu ya Dr. Sbaitso, daktari wa kuigiza aliyemuuliza mtumiaji matatizo yake kwa sauti nzito ya chuma. Majibu yake hayakuwa na maana kubwa, lakini watoto walikaa naye hadi usiku wakimwandikia maneno, wamsikie tu akiyatamka. Kila nikifikiria Cubic CT, ile kompyuta iliyozungumza na ikakosa wa kuisikiliza, naona Sim alikuwa amefika alikokusudia kwa njia ya mlango wa nyuma.

Ad Lib haikupata nafasi ya kujibu. Kadi yake mpya ilichelewa, na mwaka 1992 kampuni ya Prével ikafilisika. Mwaka huohuo Creative ilitoa Sound Blaster 16, yenye ubora wa kiwango cha CD, na ikawa kampuni ya kwanza ya Singapore kuorodheshwa katika soko la hisa la NASDAQ. Kufikia 1995, kadi zaidi ya milioni 15 za Sound Blaster zilikuwa zimeuzwa, saba kati ya kila kadi kumi za sauti duniani. Waliobaki walibandika kwenye maboksi yao maneno ya kuahidi kwamba kadi zao zinaoana na Sound Blaster. Aliyeanza kwa kuzungumza lugha ya mwenzake sasa ndiye aliyekuwa mwenye lugha.

Ubora peke yake haukumwokoa mtu. Gravis Ultrasound ya Kanada, iliyotoka 1992, ilichanganya sauti za ala halisi ndani ya kadi yenyewe, na vijana wa Ulaya walioshindana kutunga maonyesho ya kompyuta waliipenda kwa dhati. Lakini kuiga Sound Blaster ilikuwa kazi ngumu kwake, na mnunuzi wa kawaida alitaka mchezo wake ulie leo, si kesho.

Kwa fedha zake Creative ikawanunua wanamuziki. Mwaka 1993 ilichukua E-mu Systems ya California, watengenezaji wa kinanda cha Emulator, na mwaka 1998 Ensoniq ya Pennsylvania. Ujuzi wa E-mu ulizaa Sound Blaster Live! mwaka huo wa 1998. Hadi hapo sina la kulaumu. La Aureal ndilo linaloniuma.

Aureal, kampuni pinzani ya kadi za sauti, ilitumia elimu ya wataalamu waliokuwa wamefanya kazi ya sauti kwa ajili ya NASA. Mfumo wake, A3D, ulipiga hesabu ya jinsi sauti inavyoyafikia masikio mawili kwa nyakati tofauti, na katika toleo la pili jinsi inavyogonga kuta na kurudi. Ukiwa umevaa hedifoni ulijua hatua zinatoka juu, nyuma au upande wa pili wa ukuta. Creative iliishitaki mwaka 1998 kwa madai ya kuvunja hataza. Desemba 1999 Aureal ilishinda kesi, na miezi michache baadaye ikafilisika, imechoshwa na gharama. Septemba 2000 Creative ikanunua mabaki yake kwa takriban dola milioni 32. Kadi za Aureal hazikutengenezwa tena, na waliokuwa nazo waliachwa bila programu za kuziendesha katika mifumo mipya. Kampuni iliyozaliwa kwa hamu ya kuipa mashine sauti ilinyamazisha sauti bora kuliko yake.

Wakati huo kiti chake kilikuwa kimeshaanza kuliwa na mchwa. Tangu Windows 95, programu ziliacha kuongea na kadi moja kwa moja. Ziliongea na Windows, na Windows ikaongea na kadi yoyote iliyokuwepo. Mwaka 1997 Intel ikatangaza kanuni ya AC'97, iliyowezesha chipu ya bei ndogo ya sauti kuwekwa juu ya ubao mama wenyewe. Prosesa zilikuwa na nguvu za kutosha kubeba kazi iliyobaki. Windows Vista ilipokuja mwaka 2007, njia ambayo michezo ilitumia kuipa kadi mzigo wa hesabu za sauti iliondolewa, na mwaka huohuo Creative ikajitoa NASDAQ.

Ilikuwa imejaribu kutokea kwingine. Kifaa chake cha kubebea muziki, NOMAD Jukebox, kilitoka mwaka 2000, kabla ya iPod. Kilichoiletea faida ya wazi katika biashara hiyo kilikuwa hataza ya namna ya kupanga nyimbo kwenye menyu, ambayo Apple ililipia dola milioni 100 mwaka 2006. Sim aliendelea kubuni. Mwaka 2018 alitoa Super X-Fi, inayoifanya hedifoni isikike kama spika zilizopangwa chumbani, jambo lililokuwa jirani kabisa na lile lililowashughulisha watu wa Aureal. Alifariki tarehe 4 Januari 2023, akiwa na miaka 67.

Siku hizi anayetaka kucheza michezo ya zamani hutumia programu ya bure iitwayo DOSBox, inayoigiza kompyuta ya wakati ule ndani ya kompyuta ya sasa. Hukuti kadi yoyote ndani ya mashine hizi nyembamba, wala mahali pa kuichomeka. DOSBox huiunda kwa hesabu tupu, Sound Blaster 16, na kuiweka kwenye anwani ileile, 220. Ukimwita Dr. Sbaitso anakuja, anakuuliza jina lako, na kulitamka kwa sauti ileile yenye mikwaruzo.