Mahindi, Ndimu na Pilipili

Ukipita jioni kando ya barabara iingiayo mjini Kakamega, utamkuta mama ameinama juu ya jiko la makaa akigeuza mahindi taratibu. Ukinunua hindi moja, atachukua kipande cha ndimu, akichovye katika chumvi na pilipili ya kusaga, kisha alisugue toka ncha hata ncha. Wewe utatafuna na kwenda zako. Lakini ngoja kidogo, msomaji, ujiulize vitu hivyo vilitoka wapi.

Ndimu asili yake ni Asia. Mahindi na pilipili vilitoka Amerika, wala havikujulikana Afrika kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno walikuwa miongoni mwa waliovileta. Wazee wa Kakamega walikula wimbi na mtama, na chumvi yao waliipata kwa kuchuja majivu ya mimea.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Wachimbaji walihitaji unga, na wakulima wakawauzia mahindi. Tena wimbi huchosha kwa palizi, na ndege hawaachi kulishambulia, hali mahindi yamevikwa maganda. Mimi siwalaumu wazee hata kidogo.

Hata hivyo mbegu ilisafiri, maarifa yake yakabaki nyuma. Watu wa Meksiko tangu kale huchemsha mahindi makavu katika maji ya chokaa, na maji hayo huifungua vitamini iitwayo niasini, ambayo vinginevyo hubaki imefungika ndani ya punje. Ng'ambo, maskini walioishi kwa unga wa mahindi tu waliumia. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal wa Uhispania alieleza ugonjwa ambao baadaye uliitwa pelagra: hubabua ngozi, huharisha, na mwishowe huvuruga akili. Katika karne ya 20 uliwaua maelfu kusini mwa Marekani. Mwenye kula mahindi pamoja na maharagwe, samaki au maziwa hana haja ya kuuogopa.

Je, ndimu na pilipili za yule mama husaidia? Kidogo. Ndimu ina vitamini C, na pilipili nyekundu ina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ila kipimo chenyewe ni cha kuonja tu. Madini ya kujenga mifupa ni haba mno humo. Katika wimbi yamo, zaidi ya mara kumi kuliko katika mahindi, na wimbi bado linauzwa katika soko la Kakamega.