Neno Kama Kipimo: Usikivu wa Askari wa Zamani na Nafasi ya Isimu

Mchango wa isimu katika maisha ya jamii aghalabu huelezwa kwa kutaja kamusi, sarufi na vitabu vya kiada. Ni nadra kutajwa kwamba orodha ya maneno hamsini, iliyoandaliwa kwa misingi ya fonolojia, huweza kuchangia kuamua fidia anayolipwa askari wa zamani kila mwezi. Madhumuni ya mhadhara huu ni kufuatilia historia ya orodha za namna hiyo katika hospitali za serikali ya Marekani, na kubainisha maswali zinayoyaibua kwa wataalamu wa Kiswahili.

Madhara ya mizinga na injini kwa sikio yana utaratibu wake. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena. Usikivu hupungua kwanza katika masafa ya juu, hasa karibu na hezi 4000. Irabu, ambazo nguvu yake imo zaidi katika masafa ya chini, huendelea kusikika, ilhali vikwamizi kama s, f na sh hufifia. Kwa hiyo mtu huyo husikia kwamba anasemeshwa, lakini haelewi anaambiwa nini. Nyumbani hudhaniwa kuwa mkaidi, na kazini hudhaniwa kuwa mzembe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la nchi kavu la Marekani lilitenga hospitali tatu kwa askari wenye matatizo haya: Deshon katika Pennsylvania, Borden katika Oklahoma, na Hoff katika California. Katika hospitali ya Deshon alifanya kazi Raymond Carhart, mwalimu wa taaluma ya usemaji kutoka Chuo Kikuu cha Northwestern. Askari walipimwa, wakachaguliwa vifaa vya kusaidia kusikia, wakafundishwa kusoma midomo na kuzoeza masikio yao upya. Kutokana na kazi hiyo ilichipuka taaluma ya audiolojia. Carhart alisisitiza kwamba haitoshi kujua kama mgonjwa anasikia mlio wa mashine. Yapasa kujua kama anaelewa maneno.

Lakini ni maneno yapi? Hapo ndipo isimu ilipoingia. Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Harvard, orodha za maneno zilikuwa zimeandaliwa kupima mitambo ya mawasiliano ya jeshi. Mwaka 1959, Ilse Lehiste na Gordon Peterson walichapisha orodha nyingine za maneno ya silabi moja, kila neno likiwa na konsonanti, irabu kati, na konsonanti ya mwisho. Lehiste alizaliwa Tallinn, Estonia, mwaka 1922, na aliikimbia nchi yake mwaka 1944. Hivyo, miongoni mwa waliosanifu kipimo hicho cha Kiingereza alikuwamo mkimbizi ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza.

Kutokana na orodha hizo lilipatikana jaribio la Maryland, ambalo kanuni za Idara ya Maveterani zinalitaka litumike katika kukadiria fidia. Mpimwa huvua vifaa vyake vya kusikia. Huchukuliwa wastani wa vizingiti vyake vya kusikia katika hezi 1000, 2000, 3000 na 4000, pamoja na asilimia ya maneno aliyoyatambua. Kila sikio hupewa daraja, kuanzia I hadi XI, na madaraja hayo mawili hubadilishwa kuwa asilimia ya ulemavu. Tiba na fidia ni milango miwili tofauti: wapo waliokubaliwa kwamba uziwi wao ulitokana na utumishi, wakakadiriwa asilimia sifuri, wasilipwe kitu kwa uziwi huo, lakini wakapewa vifaa vya kusikia bila malipo.

Kanuni hizo zina kifungu kinachostahili kusomwa na kila mwanaisimu. Mpimaji akithibitisha kwamba jaribio la maneno halifai kwa sababu ya matatizo ya lugha, hutumika jedwali jingine linalotegemea milio peke yake. Kwa kifungu hicho sheria inakiri kwamba sikio na lugha haviachani. Chukua mfano wa mzungumzaji wa Kiswahili aliyehamia Marekani na kutumika jeshini. Lugha yake ya kwanza ina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Akikosea konsonanti ya mwisho ya neno la Kiingereza, kosa ni la sikio au la lugha? Likihesabiwa kuwa la sikio, ulemavu wake utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Likihesabiwa kuwa la lugha, atapimwa kwa milio tu, na shida yake ya kuelewa maneno haitaonekana popote katika hesabu.

Wala tatizo haliishi kwa kutafsiri orodha. Kiswahili kina maneno machache mno ya silabi moja. Hata mbwa, nchi na nta yana silabi mbili, kwa kuwa nazali ya mwanzo ni silabi. Kipimo cha Kiswahili hakina budi kujengwa juu ya maneno ya silabi mbili, na mzigo wa kutofautisha maana uangukie konsonanti za mwanzo na za kati. Maneno fuka, suka na shuka yanatofautiana kwa kikwamizi kimoja tu, tena sighuna, yaani sauti zile zile ambazo mlio wa bunduki huziiba kwanza. Kwa upande mwingine, upatanisho wa kisarufi humsaidia msikilizaji: asiyepata kiambishi katika "vitabu" hukipata katika "vimeletwa". Kwa hiyo neno moja moja huweza kumwonyesha kuwa kiziwi zaidi kuliko alivyo katika mazungumzo.

Suala hili si la ughaibuni tu. Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles walipigana Burma, katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Wengi wao walielewana na maofisa wao kwa Kiswahili, na katika lugha hiyo ndimo "vuka" na "shuka" zilimopaswa kutofautishwa chini ya mizinga. Mjini Dar es Salaam, sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka wa vita vilivyotangulia ina maandishi ya Kiswahili pamoja na Kiingereza na Kiarabu. Kiswahili kimeshatumika kuwakumbuka askari waliokufa.

Kuwahudumia walio hai kunadai kazi nyingine: kujua mrudio wa kila fonimu katika usemi wa kawaida, kuchagua maneno yanayofahamika bara na pwani, na kuyarekodi kwa matamshi ambayo mzee wa Songea na mzee wa Lamu watayakubali kuwa ni yao. Hiyo ni kazi ya idara za Kiswahili, kwa kushirikiana na madaktari wa masikio. Daktari anayo mashine ya kupimia. Maneno ya kupimia hayana budi kutoka kwa wanaoijua lugha.