Moto Kabla ya Kiberiti



Tukivuka maji kwenda Kariakoo hatukosi kurudi na chetezo, udi na pakiti ya viberiti. Neno kiberiti tumelipata kwa Waarabu, nao huita hivyo salfa. Viberiti vya kusugua vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827, na mwuza dawa John Walker. Kabla ya hapo bibi zetu waliwashaje jiko?

Walipekecha. Kijiti kigumu, ulindi, kilisimamishwa kwenye kitundu cha mti laini, kikazungushwa kwa viganja mpaka unga wa mti ukafuka moshi. Njia nyingine ni gumegume, jiwe linalotoa cheche likigongwa na chuma. Ndilo lililowasha baruti katika bunduki za zamani. Hata Sura Al-Adiyat inataja farasi wanaotoa cheche kwa kwato zao.

Lakini cheche hufa mara moja isipopata cha kuipokea: pamba, sufi au nyuzi kavu za kumbi. Ikishashika, hupulizwa taratibu mpaka iwake. Kwa tabu hiyo, moto haukuachwa ufe. Makaa yalifukiwa kwenye jivu hadi asubuhi, na aliyezimikiwa alikwenda kwa jirani kuomba kijinga. Ndipo wahenga wakasema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kariakoo inatuonyesha upande wa pili. Jina lake limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi pale katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Soko kubwa alilolichora Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na usiku wa Julai 10, 2021 likaungua. Riziki za watu wengi, wakiwemo kina mama, ziliteketea.

Aliyepekecha moto kwa jasho alijua ni kitu gani kikavu kilicho karibu naye. Sisi tunawasha kwa sekunde moja, kisha tunaweka chetezo chini ya pazia na kwenda zetu. Sura Al-Waqia inatukumbusha kuwa moto ni neema na pia ni onyo. Na Mtume (S.A.W.) alituusia tusiuache ukiwaka majumbani tunapolala.

Usiku huu, kabla ya kulala, tutazame jiko na chetezo. Allah atuhifadhi sote. Amin.